Laptopu ya Windows kwa mwanafunzi wa sekondari: namna ya kuchagua, kukagua na kununua ukiwa Mbeya

Ukiingia duka la kompyuta Mwanjelwa au katikati ya mji ukasema unatafuta laptopu ya mtoto wa kidato cha tatu, mara nyingi utaonyeshwa kwanza ile mpya iliyo kwenye boksi: nyembamba, inang'aa, bei inavutia. Iache ilale kwenye boksi lake. Laptopu mpya za bei ya chini huja na prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hifadhi ya polepole ya eMMC ya GB 64, na kwa kawaida hifadhi na RAM vimechomelewa kwenye bodi, huwezi kuviongeza. Kabla mwaka haujaisha masasisho ya Windows yatakuwa yameijaza, na mtoto atakuwa anasubiri dakika tano ili Word ifunguke.

Kwa hela hiyohiyo, au ukiongeza kidogo, unapata mashine ya kiofisi iliyotumika nje ya nchi: nzito kidogo, haina urembo, lakini ilitengenezwa ifanye kazi siku nzima mezani kwa mtu na ifunguliwe na fundi bila shida. Huo ndio upande wangu, na mwongozo huu wote unaegemea huko. Sehemu ya ukaguzi nimeirefusha makusudi, maana hela za wazazi hupotelea hapo.

Kwanza, itafanya kazi gani?

Mwanafunzi wa sekondari anaandika, anasoma vitabu na mitihani iliyopita kwa PDF, anatazama video za masomo, anaandaa mawasilisho, na akiwa na moyo wa kompyuta anaanza kujifunza kuandika programu kwa Scratch au Python. Hakuna kati ya hayo kinachodai mashine ya milioni mbili. Kinachotakiwa ni mashine isiyokwama akiwa amefungua kurasa kumi za intaneti huku anaandika. Kijana anayekushawishi kwamba masomo yanahitaji kadi kubwa ya michoro anazungumzia magemu, na wewe unalijua hilo. Anayeelekea uhandisi, tuseme anaota kusoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, na kuchora kwa programu ya AutoCAD, atahitaji RAM ya GB 16 siku zijazo, lakini hiyo unaongeza baadaye ukinunua mashine inayofunguka.

Kama mtoto yuko bweni, piga simu shuleni kabla ya kutoa hata shilingi. Shule nyingi haziruhusu laptopu bwenini, na ikiwa itakaa nyumbani kusubiri likizo, suala la betri linapungua uzito.

Kuhusu bajeti, usipeleke yote dukani. Mwenye laki saba atafute mashine ya laki sita, inayobaki iwe ya chaja halisi, SSD (hifadhi ya kasi isiyozunguka) au betri, na begi lisilopitisha maji. Bei zinapanda na kushuka na dola, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla ya kuamini bei ya yeyote.

Kizazi cha prosesa ndicho kinachoamua

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza kwa watu binafsi wanaojiandikisha, nayo inaishia Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana. Ndiyo maana laptopu za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa kwa bei ya kuchekesha. Zilikuwa mashine nzuri. Kwa mtoto atakayeitumia hadi kidato cha sita, zimeshachelewa.

Kizazi kinasomwa kwenye namba inayofuata baada ya kistari. Core i5-6300U ni kizazi cha sita. Core i5-8250U ni cha nane. Namba ikianza na 10, 11 au 12, kama i5-10210U au i5-1135G7, hicho ni cha kumi, cha kumi na moja au cha kumi na mbili. Usitishwe na neno i7 kwenye kibandiko. i7-6600U ina koa (viini vya kufanyia kazi) mbili tu, wakati i5-8250U ina nne, na kazi za mwanafunzi zinaiona tofauti hiyo. Muuzaji akikuambia "Mama, hii ni i7, ni kubwa kuliko i5," mjibu kwa upole: "Sawa mwanangu, kizazi cha ngapi?"

Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 2500U haimo kwenye orodha ya Windows 11 ingawa ilitoka wakati mmoja na kizazi cha nane cha Intel. 3500U imo.

Utakutana na fundi atakayesema anaweza kuweka Windows 11 hata kwenye kizazi cha nne. Ni kweli anaweza, kuna njia za kuruka kizuizi, na mashine itawaka vizuri tu. Lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na toleo jipya likija huenda ukalazimika kurudi kwa fundi yuleyule. Ikiwa laptopu ni ya zawadi, umepewa bure, ruksa. Ukiwa unanunua, hapana.

RAM iwe GB 8, siyo chini. Hifadhi iwe SSD ya GB 256. Ile diski ya zamani inayozunguka ina nafasi kubwa lakini itaifanya prosesa nzuri ionekane mgonjwa.

Modeli za kuulizia kwa jina

Tatu ninazozipeleka mbele ni Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, na Dell Latitude 5490 au ndugu yake 7490. Zote ni za mwaka 2018, zote zina nafasi mbili za RAM, na vipuri vyake vinafahamika kwa mafundi. Baadhi ya modeli hizi zilitoka pia na prosesa za kizazi cha saba, hivyo jina la modeli peke yake halikutoshi.

T480 naipenda kuliko zote kwa sababu ya betri. Ina moja ya ndani na moja ya nje inayochomoka kwa vidole; ya nje ikichoka unanunua nyingine na kubadilisha mwenyewe sebuleni. Inachaji kwa tundu la USB-C, na ina matundu mawili ya namna hiyo. Jaribu kuchaji kwa kila tundu, maana ThinkPad za kipindi hicho zilikuwa na kasoro kwenye programu ya Thunderbolt, teknolojia ya tundu hilo la USB-C, iliyoweza kuharibu tundu lisipofanyiwa sasisho ambalo Lenovo ilitoa. Tundu moja lililokufa siyo sababu ya kuikataa mashine, ila ni sababu ya kushusha bei.

EliteBook 840 G5 ni nzuri kwa macho na nyepesi zaidi, ila baadhi zina kioo cha Sure View, kile kinachomzuia mtu wa pembeni asisome. Vioo hivyo vina giza. Mtoto akisoma mchana karibu na dirisha atahangaika.

Hela ikiongezeka kidogo, tafuta T490, 840 G6 au Latitude 5400. Zingatia tu kwamba T490 ina nafasi moja ya RAM, nyingine imechomelewa. ThinkPad X280 na X1 Carbon zinavutia kwa wepesi, lakini RAM yote imechomelewa: uliyonunua ndiyo hiyo mpaka mwisho.

Zile ndogo za inchi 11 zenye pembe za mpira zilitengenezwa kwa ajili ya shule na zinastahimili kuanguka, ila ndani mara nyingi ni Celeron au Pentium na GB 4. Mpe mdogo wake aliye darasa la tano. Na Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google, siyo laptopu ya Windows hata ikiwa imevalishwa picha ya Windows kwenye kioo.

Ununue wapi

Duka la hapahapa mjini, Mbeya, Iringa au Njombe, litakuwa ghali kuliko Kariakoo. Lipa tofauti hiyo. Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na laptopu iliyofika kwa basi ikiwa na kasoro itakugharimu nauli ya kuirudisha, simu zisizopokelewa, na wiki mbili za "kesho bosi". Ukilazimika kuagiza, awepo ndugu au rafiki Dar wa kuikagua kwa macho yake kabla ya malipo, kisha iende kwenye ofisi ya vifurushi ya basi ikiwa imefungwa kwa sponji, siyo kwa gazeti.

Wanachuo wanaomaliza huuza mashine zao kwa bei nafuu, na humo mna bahati nzuri. Lakini laptopu ni mali inayoibwa sana mabwenini. Taka risiti aliyonunulia, taka kitambulisho, na muandikishiane hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa yenye namba ya seriali ya mashine. Anayekimbia karatasi hiyo, mwache akimbie. Vivyo hivyo kwa anayekusubiri stendi na mashine ndani ya mfuko wa rambo.

Ukaguzi: nusu saa isiyo na haraka

Nenda mchana. Beba fleshi, earphone za waya, na simu yenye bando la kurushia hotspoti. Ukifika sema wazi: "Kaka, nikiridhika nalipa leo, ila naomba nusu saa niikague." Muuzaji mzuri atakuvutia kiti. Anayenuna amekusaidia kuokoa muda.

Anza ikiwa imezimwa. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa: bawaba ziwe ngumu kiasi, zisilie, na plastiki ya pembeni isipasuke wala kuinuka. Iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, au kipanya cha mguso kimeinuka katikati, shuku betri iliyovimba ndani. Hiyo usiichukue hata kwa punguzo, mpaka betri itolewe. Tazama skrubu za chini. Zikikosekana tatu, imefunguliwa na mtu asiyejali.

Sasa iwashe mwenyewe, huku ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, mpaka uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine iliyo nje ya Windows. Hapa ndipo pasipodanganya kirahisi. Ndani ya Windows mtu anaweza kuhariri jina la prosesa likasomeka i7. Kwenye BIOS ni kazi nyingine. Soma prosesa, RAM na namba ya seriali, ulinganishe namba hiyo na iliyo kwenye kibandiko cha chini. Ikikuomba paswedi na muuzaji haijui, simama uondoke. Paswedi ya BIOS kwenye mashine za kiofisi haitoki kwa kuchomoa betri kama watu wanavyodhani, na siku Windows ikiharibika huenda ukashindwa kuiweka upya. Tafuta pia maandishi Absolute au Computrace, mfumo wa kufuatilia mashine. Ikiandikwa Activated, huenda bado kuna kampuni inayoweza kuifuatilia mashine hiyo kwa mbali.

Ingia Windows. Nenda Settings, kisha System, kisha Activation. Ukiona imeidhinishwa kwa digital license, vizuri. Ukiona maneno yanayotaja huduma ya shirika, yaani organization's activation service, kwa duka la mtaani hiyo maana yake imefunguliwa kwa programu ya wizi, na programu hizo husambazwa mara nyingi zikiwa na virusi. Kinachoudhi ni kwamba mashine hizi za kiofisi kwa kawaida zina leseni yao halali ndani ya BIOS. Windows ikiwekwa upya kwa toleo linalolingana na leseni hiyo, mara nyingi Pro, inajiidhinisha yenyewe pindi ikipata intaneti, bila mtu kulipa kitu. Mwambie aweke upya.

Na kuiweka upya kunafichua jambo jingine, zito kuliko yote niliyotaja. Makampuni makubwa huandikisha laptopu zao kwenye mfumo wa Microsoft uitwao Autopilot. Mashine ikiuzwa bila kufutwa kwenye mfumo huo, inabaki na kufuli lisiloonekana. Duka linaweka Windows bila intaneti, inafanya kazi vizuri, unanunua. Miezi sita baadaye unaiweka upya ukiwa na waifai, na kabla hujamaliza inakukaribisha kwenye kampuni fulani ya Uholanzi na kudai barua pepe ya kazini. Hakuna fundi wa Soweto wala Kabwe hapa Mbeya atakayelifuta kufuli hilo, kwa sababu halimo ndani ya mashine, limo kwenye seva. Dawa ni moja: Windows iwekwe upya ukiwepo, na katika hatua za mwanzo za kuianzisha uiunganishe na hotspoti ya simu yako. Ikiuliza tu nchi, kibodi na akaunti ya kawaida, iko huru. Ikitaja jina la kampuni au shule, irudishe kwenye kabati lao. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mwombe muuzaji aianze wakati wewe unakwenda kula, ila hatua ya kuunganisha intaneti akusubiri.

Betri inapimwa kwa amri moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue, utafute DESIGN CAPACITY, ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo wake wa leo. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 31,000, umebakiwa na asilimia 62. Mimi juu ya 70 nachukua bila maneno, kati ya 50 na 70 naomba punguzo, chini ya hapo nahesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine. T480 itaorodhesha betri mbili, zisome zote. Ukikuta namba mbili zinalingana kabisa na mizunguko ya chaji ni sifuri, huenda betri imebadilishwa kwa ya bei rahisi ambayo chipu yake husema lolote. Ipime kwa kazi: chomoa chaja, weka video ya YouTube kwa 1080p, mwanga wa kioo katikati, dakika ishirini. Ikishuka kwa asilimia kumi au chini yake, inavumilika. Ikishuka thelathini, ripoti ilikuwa inakutania.

Video hiyo ikiendelea, sikiliza feni. Kelele ya mfululizo pamoja na joto kali ni vumbi, na mji wetu kuanzia Juni hadi mvua za Novemba hauna uhaba wa vumbi. Kusafisha na kubadilisha pesti ya kupitishia joto la prosesa ni kazi ndogo kwa fundi, iombe iwe sehemu ya bei. Fungua Notepad ubonyeze kila herufi. Angalia mpangilio wa kibodi: nyingi zinatoka Ujerumani au Ufaransa, ambako Y na Z au A na Q zimebadilishana nafasi, na duka huficha kwa vibandiko vinavyobanduka baada ya mwezi. Kwa kijana anayejifunza kuchapa, chagua ya Kiingereza ya asili. Chomeka fleshi kila tundu, sikiliza spika na earphone, washa kamera. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote utafute madoa na mistari. Afya ya SSD, ikiwa ni ya aina ya NVMe, iko Settings, System, Storage, Advanced storage settings, kwenye Disks & volumes.

Chaja ije na mashine na iwe ya kampuni yenyewe. Dell hasa inamtambua mgeni: chaja asiyoifahamu italeta onyo mashine ikiwaka, betri haichaji na prosesa inapunguza mwendo.

Ukilipa

Dai risiti ya EFD yenye namba ya seriali, na waranti iandikwe: miezi mingapi, inahusu nini. "Waranti ya moyo" nimeisikia dukani kwa masikio yangu. Haina makato lakini haina malipo pia. Piga picha ya ripoti ya betri na ya ukurasa wa BIOS kabla ya kutoka.

Wiki ya kwanza nyumbani

Kama ilisafiri kwenye buti la basi usiku, na hasa asubuhi ya Juni au Julai huku Uyole, Makambako au Njombe, iache kwenye begi lake chumbani saa mbili tatu kabla ya kuiwasha. Chuma baridi kikiingia kwenye chumba chenye jiko na watu hushika unyevu wa hewa.

Fungua akaunti ya mtoto na uiunganishe na yako kupitia Microsoft Family Safety, ni ya bure, inapanga saa za matumizi. Kisha linda bando: kwenye mipangilio ya waifai, chagua hotspoti yako na uwashe Metered connection. Usipofanya hivyo Windows itapakua masasisho makubwa kimyakimya na bando la wiki litaisha mchana mmoja. Masasisho yenyewe usiyaache. Tafuta siku moja kwa mwezi penye waifai ya bure.

Office ya kulipia haina ulazima. LibreOffice inafungua faili za Word, na Word ya kwenye kivinjari ni ya bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Antivirus ya kununua pia haihitajiki, ile iliyomo ndani ya Windows inatosha. Hatari kubwa kwa mwanafunzi ni fleshi ya steshenari. Amepeleka kazi kuchapisha, fleshi imerudi na mafolda yote yamegeuka njia za mkato, naye anabofya. Mfundishe kutuma kazi kwa barua pepe, au awe na fleshi moja ya kuchapishia tu isiyobeba kitu kingine, na aichanganue kila inaporudi.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, anayeumia kwanza ni chaja. Kinga ya soketi ya bei ya kati inatosha kwa laptopu, maana ina betri yake. Mvua za radi zikianza, chomoa kabisa ukutani. Walio vijijini kwenye sola ya volti 12, mashine inayochaji kwa USB-C ina faida ya wazi: adapta ya gari ya USB-C PD ya wati 65 inaichaji bila inveta.

Siku chache kabla waranti haijaisha, rudia powercfg /batteryreport na uilinganishe na ile picha. Betri ikiwa imeporomoka, au tundu la chaji limeanza kulegea, rudi dukani siku hiyohiyo na risiti mkononi.